Mtoto Ajitafutie Kitabu: Vidokezo kwa Wazazi na Walimu

Mtoto wa darasa la tatu akiingia maktaba kwa mara ya kwanza, macho hukimbilia majalada yenye picha, na kitabu kilicho karibu na mkono ndicho anachoondoka nacho. Kwa siku ya kwanza, si haba. Ila mtoto huyo huyo anaweza kufika mahali pa kuingia na swali lake na kutoka na kitabu alichokikusudia, bila mkubwa kumtangulia. Haya yatamsaidia.

1. Aende na swali. "Nataka kitabu cha wanyama" humwacha akizunguka tu. "Kwa nini vyura hulia sana mvua ikinyesha?" humpeleka kwenye rafu moja. Muulizeni kabla hamjatoka nyumbani, na swali liwe lake kweli, hata kama kwenu ni dogo.

2. Mwonyesheni mgongo wa kitabu. Pale chini pana lebo yenye namba, na mara nyingi herufi tatu za jina la mwandishi. Maktaba nyingi za umma, Tanzania na Kenya, hutumia mpangilio aliouchapisha Mmarekani Melvil Dewey mwaka 1876: maarifa yote yamegawanywa mafungu kumi, kuanzia 000 hadi 900. Tafadhali msimkaririshe mafungu hayo. Mpeni namba mbili tatu za vitu anavyovipenda. Michezo ni 796, na mpira wa miguu ni 796.334. Mapishi ni 641.5. Sayari na nyota ni 523. Samaki, vyura na nyoka wote wamo 597, na hilo huwafurahisha watoto sana. Akishazipata hizo kwa miguu yake, nyingine atazizoea mwenyewe.

3. Nukta ndiyo inayowaangusha wengi, kwa hiyo ipeni muda. Tembo ni 599.67, simba 599.757, na nyani na jamaa zake 599.8. Mtoto anaona 757 ni kubwa kuliko 8, anaamini simba yuko mbele baada ya nyani, anatafuta upande usio wake na kukata tamaa. Dawa ni kusoma tarakimu moja moja baada ya nukta: "nukta saba tano saba", wala si "nukta mia saba hamsini na saba". Alinganishe ya kwanza kwanza. Sita, saba, nane: tembo, simba, nyani. Hata asiyefika kwenye desimali darasani ataelewa. Mkubwa kidogo anaweza kujaza sifuri, 599.670, 599.757, 599.800, na mambo yakanyooka. Mwalimu, andika namba kama hizi kwenye vipande vya karatasi, kila mwanafunzi ashike kimoja, kisha waambie wajipange mstari bila wewe kusema neno. Watabishana, watasukumana kidogo, na humo ndimo watakamojifunza.

4. Wapimeni kwa alfabeti. Watoto wetu wengi huanza kusoma kwa silabi, ba be bi bo bu, kwa hiyo mtoto anaweza kumaliza ukurasa mzima bila kusita na bado asijue kama M inatangulia P. Kwenye rafu za riwaya na hadithi atalihitaji hilo, maana vitabu hupangwa kwa jina la mwisho la mwandishi. Shaaban Robert hutafutwa kwenye R, Ken Walibora kwenye W, Euphrase Kezilahabi kwenye K. Anayemtafuta Shaaban kwenye S ataapa kwamba maktaba haina vitabu vyake.

5. Sungura na Fisi wana makao yao. Ngano za mapokeo hazikai na riwaya. Dewey aliziweka upande wa jamii, mila na desturi, kwenye 398.2. Vitendawili viko jirani, 398.6, na methali 398.9. Nadhani rafu hii ndiyo nzuri kuliko zote ya kuanzia, kwa sababu mtoto anakuta huko maneno aliyokwisha kuyasikia kwa bibi yake.

6. Katalogi, yaani orodha ya vitabu vyote vya maktaba, iwe ya kompyuta au ya kadi. Aandike neno moja tu: chura. Likikosa, ajaribu amfibia. Kisha anakili namba nzima pamoja na herufi zake, maana jina la kitabu peke yake halimfikishi kwenye rafu.

7. Akikipata, aangalie na majirani zake. Vitabu vya kulia na kushoto huzungumzia jambo hilo hilo, na kimoja huenda kikamfaa zaidi. Afungue yaliyomo, na kama kuna faharasa nyuma, atafute neno lake humo kabla ya kuamua.

8. Asikirudishe rafuni kwa kubahatisha. Kitabu kilichochomekwa pasipo pake kimepotea, ingawa kimo humo humo ndani. Akiache mezani au palipotengwa kwa kazi hiyo.

9. Azungumze na mkutubi yeye mwenyewe. "Shikamoo. Natafuta kitabu cha vyura. Nimeangalia 597, sijakiona." Mzazi asimsemee. Mtoto akisita, subirini. Mkutubi anayesikia kwamba mtoto ameshatafuta humpeleka moja kwa moja panapohusika, na mara nyingi humwonyesha na kingine ambacho hakukiwazia.

Kwa mlioko Dar es Salaam, Maktaba Kuu ya Taifa, aliyoifungua Mwalimu Nyerere mwaka 1967, iko Mtaa wa Bibi Titi Mohamed, na ina sehemu ya watoto. Walioko mikoani waulizie maktaba ya mkoa.

Na ninyi walimu wakuu ambao vitabu vya shule vimefungiwa kabatini visichafuke: vitoeni. Viandikieni namba kwa kalamu na karatasi ya gundi, vipangeni hata juu ya mbao na matofali, kisha waacheni watoto wavitafute. Vichache vitachanika, na vitagundishwa.