Dondoo muhimu: Kabla ya kubadilishana besi za zamani

Una Fender Precision ya 1963, na mwenzako anakupa Jazz ya mwaka huohuo. Weka bei kando kwanza, ushike shingo. Karibu na kichwa cha gitaa, shingo ya Jazz ina upana wa takriban milimita 38. Ya Precision ni kama 44. Tofauti hiyo utaisikia kwenye kiganja kila siku, basi piga ukiwa umesimama, mkanda begani, saa nzima.

Kisha omba ruhusa ya kufungua kifuniko. Vidhibiti vya sauti vina namba: 3046312 maana yake vilitengenezwa na Stackpole, mwaka 1963, wiki ya 12. Gitaa haliwezi kuwa na umri mkubwa kuliko vidhibiti vyake, ila kama vimebadilishwa, kwa hiyo tazama kama lehemu imeguswa. Namba ya kwenye bamba la nyuma isikulevye. Bamba hufunguliwa kwa skrubu nne tu, kwa hiyo ni rahisi kubadilishwa.

Rangi iliyopigwa upya inaweza kukata karibu nusu ya thamani. Kwa mpigaji haina ubaya wowote, na mimi ningeichukua kwa furaha, mradi aniongezee fedha.

Kama gitaa litavuka mpaka, uliza mbao za ubao wa vidole. Zikiwa za Dalbergia nigra ya Brazil, ndugu wa mpingo wetu, zimo kwenye Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, tangu 1992. Kibali kipatikane kabla ya kupeana mikono.