Dondoo muhimu: Tezi dume iliyokua na dalili za mkojo
Kwa mzee wa kijiji cha Bibokoboko, ambaye kushuka milima hadi mji wa Baraka ni safari nzito, uchunguzi wa tezi dume, yaani tezi inayozunguka mrija wa mkojo chini ya kibofu, unaweza kuanzia nyumbani kwa daftari: kwa siku 3 aandike saa ya kila haja ndogo, kiasi kilichopimwa kwa kikombe, na mara anazoamka usiku. Daktari hulitumia pamoja na hojaji ya kimataifa ya maswali 7, ambayo alama zake, 0 hadi 35, huonyesha dalili kali zinapofika 20. Ukubwa wa tezi peke yake haupimi mateso, na kisukari au maambukizi huleta dalili zinazofanana, hivyo mkojo upimwe kwanza. Mkojo ukiziba kabisa, kibofu kikijaa na kuuma, asisubiri mapambazuko ndipo aende hospitali.