Kihisi cha Joto katika Injini ya Ekskaveta: Kutambua Kasoro kwa Kanuni ya Omu

Ekskaveta ni mashine ya kuchimbua udongo na mawe, itumikayo katika ujenzi wa barabara, mifereji na migodi. Mashine hizi ni ghali, na kwa sababu hiyo makandarasi wengi hununua zile zilizokwisha kutumika. Zamani injini yake ya dizeli iliendeshwa kwa vyuma na mafuta tu. Marekani ilipoanza, mwaka 1996, kuweka masharti ya moshi kwa injini za mashine za aina hii, na nchi za Ulaya zikafuata, watengenezaji walizidi kutumia kompyuta ndogo ya kuongoza injini. Kompyuta hiyo haioni wala haigusi kitu. Hutegemea habari iletewayo na vihisi, ambavyo mafundi huviita sensa.

Kihisi kikileta habari isiyo kweli, kompyuta huweza kupunguza nguvu za injini ilhali injini ni nzima. Kinyume chake ni kibaya zaidi: injini huweza kuchemka bila onyo lolote. Makala haya yanaeleza kihisi kimoja tu, kile cha joto la maji ya kupozea injini, kwa kuwa utendaji wake wafahamika kwa elimu ya umeme ifundishwayo katika shule za sekondari.

Jinsi kihisi kinavyofanya kazi

Ndani ya kihisi hiki mna thamista, yaani kipande ambacho ukinzani wake hupungua kadiri joto linavyoongezeka. Katika aina moja itumikayo sana, ukinzani ni omu 2,500 hivi katika nyuzi 20 za sentigredi, na hushuka hadi omu 320 hivi katika nyuzi 80. Kompyuta hutoa volti 5 kupitia rezista iliyomo ndani yake, kisha hupima volti iliyopo katika thamista. Tuseme rezista hiyo ni ya omu 2,200. Kwa Kanuni ya Omu, iliyotangazwa na Mjerumani Georg Ohm mwaka 1827, volti hugawanyika kwa uwiano wa ukinzani:

Injini baridi (nyuzi 20): 5 × 2,500 ÷ 4,700 = volti 2.66
Injini moto (nyuzi 80): 5 × 320 ÷ 2,520 = volti 0.63

Kwa hiyo volti kubwa ina maana ya baridi, na volti ndogo ina maana ya joto.

Maana ya namba za kasoro

Waya ukikatika, mkondo haupiti, na volti hupanda kufikia 5. Waya ukigusa bodi ya mashine, volti hushuka kufikia 0. Hali zote mbili haziwezi kutokea katika injini nzima, na kompyuta huzitambua mara moja. Katika utaratibu wa J1939, unaotumiwa na mashine nzito nyingi, namba 110 ni ya joto la maji ya kupozea. Ikifuatwa na 3, volti imezidi kiasi. Ikifuatwa na 4, volti imepungua mno.

Hapana budi kusisitiza kwamba namba hiyo haisemi kuwa kihisi kimekufa. Husema tu kwamba volti si ya kawaida. Chanzo chaweza kuwa kihisi, soketi, waya, au kompyuta yenyewe. Anayenunua kihisi kipya kwa kuisoma namba tu hubahatisha.

Utaratibu wa uchunguzi

Kwanza, namba iandikwe kabla ya kufutwa. Pili, waya na soketi zikaguliwe kwa macho; katika mashine iliyotumika miaka mingi, mtikisiko hukwangua waya, na maji hutia kutu katika pini. Tatu, soketi ichomolewe, na volti ipimwe kwa mita baina ya pini zake mbili za upande wa waya: yapasa kuwa karibu 5. Nne, pini hizo ziunganishwe kwa kipande cha waya. Volti yapasa kushuka karibu na 0. Mambo haya mawili yakitokea, waya na kompyuta havina neno, na mashaka hubaki kwa kihisi. Jaribio la kuunganisha pini lifanywe kwa kihisi cha joto chenye waya mbili tu. Vihisi vya mgandamizo vyenye waya tatu visifanyiwe hivyo. Tano, ukinzani wa kihisi upimwe kikiwa baridi na kikiwa moto.

Kasoro isiyo na namba

Kasoro ya hatari kuliko zote ni ile isiyowasha taa yoyote. Tuseme kutu katika pini imeongeza ukinzani wa omu 1,000. Asubuhi kompyuta huona omu 3,500 badala ya 2,500, na kusoma nyuzi 12 hivi badala ya 20. Tofauti hiyo ni ndogo. Lakini maji yafikapo nyuzi 100, thamista ina omu 190 hivi, na kompyuta huona omu 1,190. Volti huwa 1.76, na kompyuta husoma takriban nyuzi 40. Volti hiyo ni ya kawaida kabisa, basi hapana namba wala onyo, nayo injini yaelekea kuharibika. Ndiyo sababu anayekagua mashine iliyotumika hapaswi kuiwasha ikiwa baridi na kuondoka. Yafaa aifanyishe kazi mpaka ipate moto, kisha alinganishe joto lisomwalo na lile la kipimajoto kilichowekwa kwenye bomba karibu na kihisi.

Jaribio la darasani

Mwalimu aweza kuunga thamista, rezista ya omu 2,200 na betri ya volti 4.5 kwa mfululizo. Thamista ifungwe ndani ya mfuko wa plastiki na kutiwa katika maji ya baridi, kisha ya moto, na volti yake iandikwe pamoja na joto. Baadaye rezista ya omu 1,000 iongezwe mfululizo na thamista badala ya kutu, na volti ya vyote viwili ipimwe.

Maswali

1. Kwa nini kutu hupotosha zaidi kipimo cha injini moto kuliko cha injini baridi?
2. Tafuta volti ikiwa thamista ina omu 1,000 na pini hazina kutu.
3. Fundi ameondoa kihisi na kuweka rezista ya omu 320 ili taa izimike. Eleza hatari yake.