Msuguano Chini ya Mzigo

Je, umewahi kusimama ndani ya basi linalokwenda, kisha dereva akafunga breki ghafula? Mwili wako ulisukumika mbele. Basi lilipunguza mwendo, lakini mwili wako ulitaka kuendelea na safari. Kama nyayo zako zisingeshika sakafu, na mikono yako isingeshika bomba, ungalianguka.

Mzigo nao hufanya hivyo hivyo. Gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa husafiri karibu mita 17 kila sekunde. Mzigo ulio ndani yake husafiri kwa mwendo huo huo. Dereva akifunga breki, magurudumu ndiyo yanayozuiwa, si mzigo. Mzigo utasimama pamoja na gari ikiwa tu iko kani ya kuuzuia. Kani moja ya namna hiyo ni msuguano. Msuguano ni kani inayozuia kitu kisiteleze juu ya kitu kingine.

Nyumba juu ya gari

Katika nchi za Marekani na Kanada, baadhi ya watu husafiri na nyumba ndogo iliyopakiwa nyuma ya pikapu. Ndani yake mna kitanda, jiko na mahali pa kulia. Nyumba hiyo haina magurudumu yake yenyewe. Hukaa juu ya sakafu ya bodi la gari, nayo hufungwa kwa minyororo. Nyumba kubwa za namna hii huzidi kilo 1,000.

Fikiri yatakayotokea nyumba kama hiyo ikiteleza. Ikienda mbele, yaweza kugonga chumba cha dereva. Ikienda upande gari linapopita kwenye kona, yaweza kulegeza au kukata minyororo. Tena, sakafu ya chuma inayosuguliwa kila siku hubanduka rangi, na chuma kisicho na rangi hushika kutu upesi.

Kwa sababu hizo, wenye magari hayo hutandika mkeka juu ya sakafu kabla ya kupakia nyumba. Lakini ni mkeka wa namna gani unaofaa? Tusikisie. Tufanye majaribio.

Jaribio la kwanza: Ni kitu gani kinachoshika zaidi?

Vifaa: ubao wenye urefu wa mita 1, kipande cha mbao kilichopigwa randa, kipande cha plastiki nyororo, kipande cha gunia, kipande cha tyubu kuukuu ya gari, misumari midogo, rula.

Fanya hivi:
1. Laza ubao juu ya meza. Weka kipande cha mbao karibu na ncha moja, kilale kwa upande wake mpana.
2. Inua ncha hiyo ya ubao polepole. Kipande kitakapoanza kuteleza, simama. Mwenzako apime kimo cha ncha iliyoinuliwa.
3. Rudia mara tatu, kisha andika vimo vyote katika daftari.
4. Sasa funika ubao kwa plastiki, uikaze kwa misumari pembeni, upime tena. Fanya vivyo hivyo kwa gunia, na mwisho kwa tyubu.

Umeona nini? Juu ya plastiki, kipande huteleza ubao ukiwa umeinuliwa kidogo tu. Juu ya mpira wa tyubu, yakupasa kuinua ubao juu zaidi. Kimo kikubwa huonyesha kwamba msuguano ni mkubwa.

Sababu ni hii. Vitu vinavyoonekana laini vina vinundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Mpira ni mwororo, kwa hiyo ukikandamizwa na mzigo hujibonyeza ukafuata vinundu hivyo na kuvishika. Plastiki ngumu haijibonyezi hivyo. Ndiyo maana sakafu ya plastiki hulinda rangi ya gari isichubuke, lakini haizuii mzigo kuteleza.

Jaribio la pili: Maji na kutu

Chukua misumari miwili mipya isiyo na kutu. Mmoja ufunge kwa kitambaa kilicholowa maji, nawe ukiloweshe tena kila siku. Wa pili uweke mahali pakavu. Baada ya juma moja, itazame yote miwili.

Msumari uliofungwa kitambaa umeshika kutu, kwa maana chuma hushika kutu kikipata maji pamoja na hewa. Zulia au gunia chini ya mzigo ni kama kitambaa hicho. Likinyeshewa hukaa na maji siku nyingi, na chuma kilicho chini yake huharibika pasipo mtu kuona.

Kuchagua mkeka

Sasa twaweza kujibu swali letu. Mkeka unaofaa ni wa mpira, kwa sababu hushika vizuri wala haunyonyi maji kama zulia. Ni vema upande wake wa chini uwe na mifereji midogo ili maji yatoke. Usiwe mwembamba mno, maana utachanika. Wala usiwe mnene kupita kiasi, maana mpira ni mzito, na uzito wake huhesabiwa pamoja na mzigo ambao gari limeruhusiwa kubeba. Kabla ya kuutandika, sakafu ifagiliwe. Mchanga na mafuta hupunguza msuguano.

Kumbuka: Mkeka husaidia minyororo, hauchukui nafasi yake. Gari likifunga breki kwa nguvu au likipita kwenye shimo, msuguano peke yake hautoshi kuzuia mzigo mzito. Mzigo usiofungwa ni hatari kwa dereva, kwa abiria na kwa watu walio barabarani.

Maswali

1. Msuguano ni nini?
2. Kwa nini mzigo huelekea mbele gari linapofunga breki?
3. Taja faida moja na hasara moja ya sakafu ya plastiki.
4. Lowesha tyubu kwa maji, kisha rudia jaribio la kwanza. Kimo kimebadilika? Eleza kwa nini.
5. Jirani yako ana pikapu, naye anataka kutandika zulia kuukuu chini ya mzigo. Utamshauri nini, na utamwonyesha jaribio gani?