Ploti ya Kwanza: Maswali ya Mume na Mke



Jamaa nyingi siku hizi zina hamu ya kununua ploti au kujenga vyumba vya kupangisha. Hamu hiyo ni njema, kwa maana karo hazingoji na uzee haupigi hodi. Lakini ardhi hiyo hiyo imevunja amani ya nyumba nyingi, hasa pale mmoja aliponunua au kuuza bila mwenzake kujua. Kwa hiyo, kabla ya kumwuliza muuzaji bei, mwulize kwanza mwenzako. Haya hapa ni maswali ambayo wanaoanza huuliza mara kwa mara.

1. Tuwe na pesa ngapi?

Katika Injili ya Luka, sura ya 14, tunasoma juu ya mtu anayeketi kuhesabu gharama kabla ya kujenga mnara. Nanyi ketini na kalamu. Bei ya ploti siyo gharama yote. Ushuru wa stempu ni asilimia 4 ya thamani ya ardhi mjini, na asilimia 2 mashambani. Ploti ya mjini yenye thamani ya shilingi 600,000 itadai shilingi 24,000 zaidi. Kisha yuko wakili na mpima ardhi. Msiguse pesa za karo wala akiba ya ugonjwa.

2. Tutajuaje kwamba hatudanganywi?

Msiamini hati iliyo mkononi mwa broka, hata ikiwa na mihuri. Ombeni upekuzi rasmi katika afisi ya ardhi, au katika mfumo wa Ardhisasa kwa sehemu zilizokwisha kuingizwa humo. Mtaona jina la mwenyewe, ukubwa wa ardhi, na kama imewekwa rehani au ina zuio. Kisha nendeni wote wawili mkaione, mpima ardhi awaonyeshe mipaka, na mzungumze na majirani. Ikiwa ni shamba la kilimo, ni lazima kupata idhini ya Bodi ya Kudhibiti Ardhi. Na kumbukeni: hati ya hisa ya kampuni ya kununua mashamba siyo hatimiliki. Wako waliozeeka nayo sandukuni wakingoja hati yenyewe.

3. Tuandikishe jina la nani?

Andikisheni majina yote mawili. Sheria inatoa njia mbili. Mkimiliki kwa pamoja bila mafungu, mmoja akifariki, ardhi yote inabaki kwa aliye hai. Mkimiliki kwa mafungu, fungu la marehemu linakwenda kwa warithi wake. Mwombeni wakili awaeleze tofauti hii mkiwa pamoja, kabla ya kutia sahihi.

4. Mimi ni mama wa nyumbani, sina mshahara. Je, nina haki?

Ndiyo. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inahesabu kazi za nyumbani, kulea watoto na kulima shamba kuwa mchango. Lakini mnamo Januari 2023 Mahakama ya Juu ilieleza kwamba mali haigawanywi nusu kwa nusu moja kwa moja. Kila mmoja huthibitisha mchango wake. Hifadhini risiti, na kila mmoja ajue zilipo.

5. Nataka kununua kimya kimya, nije kumshangaza mke wangu. Kuna ubaya?

Ndugu yangu, siri ya namna hiyo ni ya hatari. Ukifariki ghafla, nani atajua ploti iko wapi, au ulikuwa umebakiza deni gani? Mjane hawezi kudai asichokijua. Tena sheria hiyo ya 2013 inakataza, katika ndoa ya mke mmoja, mali ya ndoa kuuzwa au kuwekwa rehani bila ridhaa ya wote wawili. Ridhaa hiyo isiwe sahihi tu ya kuharakishwa mlangoni. Iwe ni neno lililozungumzwa likaeleweka.

6. Vyumba vya kupangisha vitatulipa?

Pigeni hesabu ya mwaka mzima. Vyumba 6 vya shilingi 5,000 huleta 30,000 kwa mwezi vikijaa vyote. Tangu Januari 2024 ushuru wa mapato ya nyumba za kuishi umekuwa asilimia 7.5, kwa wanaopata zaidi ya shilingi 288,000 kwa mwaka. Hapo ni shilingi 2,250 kila mwezi, kabla ya kutoa gharama zozote. Toeni pia maji, matengenezo na miezi ambayo chumba kitakaa kitupu. Kinachobaki ndicho cha kulipia mkopo. Kisipotosha, ngojeni kwanza.

Ya kuzungumza nyumbani juma hili:

– Je, kila mmoja wetu anajua mali na madeni yote tuliyo nayo?
– Hati zetu zimewekwa wapi, na zina majina ya nani?
– Kama mmoja wetu hataki ununuzi huu, je, tumemsikiliza sababu zake?

Asiye tayari asisukumwe. Ploti nyingine itapatikana mwaka ujao. Imani ya mwenzako ikishapotea, hainunuliwi.