KAMIONETE INAKATAA KUWAKA: TAFUTA CHECHE, USILETE MOTO



Ni asubuhi ya siku ya pumziko, katika majira ya mvua. Baba anataka kwenda shambani kuleta mahindi. Mama amekwisha kupanda ndani ya kamionete, watoto wako nyuma. Demarere inazungusha motere vizuri, lakini motere haishiki. Jirani anakuja, anafungua kapo, anaitisha esansi kidogo ndani ya chupa na kuimwaga kwenye mdomo wa kabirateri. «Piga tena!»

Hapo ndipo ajali inazaliwa. Motere ikipiga chafya, ndimi za moto zinarukia juu, na jirani bado ameshika chupa mkononi. Kwenye karakana ya kampani hakuna mkubwa wa kazi atakayekubali jambo hilo. Kwa nini tulikubali nyumbani, mbele ya watoto wetu?

Tunasema hapa juu ya motokari za zamani zenye delko na visi platine, kama vile Peugeot 404. Motokari mpya zina mpango mwingine. Hizo mpelekee fundi wake.

Kabla ya kugusa kitu

Shusha watu wote. Sukuma kamionete nje ya garaji, maana moshi wa motere una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na hewa hiyo inaua katika nyumba iliyofungwa. Toa vitesi, vuta freni ya mkono. Sigara ibaki mbali. Mwenye mikono mirefu ya shati aikunje, mama mwenye kitenge asisogee karibu na ventilateri.

Demarere haizunguki?

Basi angalia batri kwanza. Batri nzuri ya volti 12 iliyopumzika inaonyesha karibu volti 12,6. Ikiwa chini ya 12, imekwisha nguvu. Mara nyingi kosa ni unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa vyake. Fungua, safisha, kaza. Uanze kufungua waya unaokwenda kwenye chuma cha motokari, na huo uwe wa mwisho kufungwa. Ukianza na mwingine, ufunguo wako ukigusa bodi, cheche kubwa itatoka. Na usiwashe kiberiti ili kutazama maji ya batri! Batri inatoa hewa inayolipuka, na asidi inapofusha macho.

Demarere inazunguka, motere haiwaki

Sasa tafuta cheche. Wengi wanafungua buji zote na kuzungusha motere. Hilo ni kosa: matundu yanatema mvuke wa esansi, na cheche iko pale pale. Ufanye hivi: uwe na buji moja ya akiba. Toa waya wa buji moja tu, uuchomeke kwenye buji ya akiba, na buji yenyewe iachwe mahali pake. Ifunge ile ya akiba kwa waya mtupu kwenye chuma cha motere, mbali na kabirateri. Kama kuna harufu ya esansi, ngoja kwanza iishe. Usiishike kwa mkono: umeme huo unapita volti 10.000. Kisha mwenzako azungushe kidogo, ukiwa umesimama pembeni, kwani motere inaweza kuwaka kwa buji tatu zilizobaki.

Cheche ya buluu inayolia ni nzuri. Ikiwa ya manjano, nyembamba, au hakuna kabisa, funga kontakti, fungua kifuniko cha delko. Wakati wa mvua, maji ndani yake ndiyo mkosaji wa kwanza. Pangusa kwa kitambaa kikavu, si kwa esansi. Tafuta ufa mwembamba kama unywele. Kifuniko chenye ufa hakitengenezwi, kinabadilishwa. Nyuzi usizichanganye: kwenye Peugeot 404 cheche inafuata mpango wa 1-3-4-2. Weka alama kabla ya kutoa.

Kisha visi platine. Kwa 404 zinafunguka karibu milimita 0,4. Zikiungua upesi baada ya kubadilishwa, usinunue nyingine tena na tena: kondansateri ndiyo imekufa. Na usiache kontakti wazi motere ikiwa imesimama, bobini itapata moto na kuharibika.

Cheche ni nzuri, lakini bado

Sasa fungua buji moja. Ikiwa kavu, esansi haifiki. Ikiwa imelowa, motere imezama. Acha kapo wazi karibu dakika kumi na tano. Mvuke wa esansi ni mzito kuliko hewa, unashuka na kujificha ndani ya shimo la garaji. Esansi iliyomwagika ipangushwe kabla ya kugusa kontakti.

Moto ukitokea

Funga kontakti, ondoa watu. Usimwage maji juu ya esansi. Tumia kizima-moto, au mchanga. Kapo usilifungue lote, hewa itaongeza moto. Kama moto umekwisha kuwa mkubwa, acha kamionete iungue, wewe ukimbie.

Mtu aliyeungua, mwagilia mahali pale maji safi ya baridi kwa dakika ishirini. Dawa ya meno, mafuta ya mawese na majivu havifai. Nguo iliyogandamana na ngozi usiivute. Mfunike kwa shuka safi na umpeleke dispensere.