KELELE ZA "MWIZI!" NA HAKI YA JIRANI

Somo kwa wanaojifunza dini na kwa wote wapendao amani ya mji

Ndugu msomaji, huenda ukajiuliza kwa nini somo la dini lizungumze habari za wezi, walinzi wa usiku na vituo vya polisi. Jibu lake ni jepesi. Imani ya mtu haipimwi katika nyumba ya ibada peke yake. Hupimwa pia saa nane za usiku, mlango wa jirani unapovunjwa, na hupimwa zaidi mchana kweupe sokoni, pale mtu mmoja anaponyosha kidole na kupaza sauti, "Mwizi!" Katika dakika ile kila aliye karibu hana budi kuamua mkono wake utafanya nini. Somo hili lakusudia kukutayarisha kabla dakika hiyo haijafika, maana ikisha kufika hapana tena nafasi ya kusoma.

1. MJI MDOGO NA HOFU YAKE

Tuchukue mfano wa Shinyanga, mji wa Usukumani nchini Tanzania, ulio kwenye reli itokayo Tabora kwenda Mwanza. Si mbali nao ipo Mwadui, machimbo ya almasi yaliyojulikana tangu 1940. Na nchi iuzungukayo ni nchi ya ng'ombe, pamba na mpunga. Mji wa namna hii una tabia mbili. Watu wa mitaa yake, kama vile Ngokolo au Ndembezi, bado hujuana kwa majina. Lakini mabasi na malori huleta kila siku wageni wasiojulikana. Kwa hiyo wizi ukitokea, macho ya watu hukimbilia upesi kwa mgeni, kwa kijana asiye na kazi, na kwa bibi kizee aishiye peke yake. Hao ndio wasio na mtu wa kuwasemea.

Hofu ya wizi si upuuzi. Kijana aliyeibiwa pikipiki ya bodaboda, naye angali akiilipia deni, ameibiwa chakula cha watoto wake. Mama lishe aliyevunjiwa kibanda hana mtaji wa kesho. Basi hatusemi watu wakae kimya wakiibiwa. Twasema kwamba kulinda ni wajibu, lakini kulinda na kulipiza kisasi ni mambo mawili yaliyo mbali kama mashariki na magharibi.

2. FUNZO LA SUNGUSUNGU

Wazee wa Shinyanga na Tabora wanayakumbuka haya vema. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, bunduki ziliingia mikononi mwa watu wasiostahili kuwa nazo, na wizi wa ng'ombe ukawa wizi wa kumwaga damu. Polisi walikuwa wachache na vijiji vilikuwa mbali. Ndipo mnamo 1981 na 1982, kuanzia upande wa Kahama na kuenea Usukuma na Unyamwezi, wanakijiji walijiunga wenyewe wakaunda jeshi la jadi lililoitwa Sungusungu, kwa jina la yule mdudu mweusi mdogo aumaye vikali. Walikuwa na mtemi wao, katibu wao na makamanda wao. Silaha zao zilikuwa pinde na mishale. Na ukipigwa mwano, yaani ukelele wa hatari, kila mwanamume alipaswa kutoka nje. Mahali pengi wizi wa ng'ombe ulipungua. Mwaka 1989 Bunge lilirekebisha sheria za mgambo, na walinzi hao wakatambuliwa na kupewa mamlaka ya kukamata.

Huo ni upande wa sifa, nao ni wa haki. Lakini upo upande wa pili. Katika baadhi ya vijiji jeshi lile lile lilijifanya polisi, shahidi, hakimu na mtoa adhabu kwa wakati mmoja. Watu walipigwa hadi wakakiri. Wanawake walishutumiwa uchawi, wakafukuzwa makwao, na wengine wakauawa. Je, ilikuwaje watu waliotoka kumtafuta mwizi wa ng'ombe wakaishia mlangoni kwa bibi kizee? Sababu yake ni hii: mwizi wa ng'ombe huacha nyayo, na nyayo zaweza kufuatwa. Uchawi hauna nyayo. Shutuma yake haiwezi kuthibitishwa wala kukanushwa. Mara mkutano unapokubali kuhukumu pasipo ushahidi, hakuna aliye salama tena, hata yule aliyeitisha mkutano.

3. SHUTUMA SI USHAHIDI

Katika mikoa ya Shinyanga, Mwanza na Tabora wanawake wazee wengi wameuawa kwa miaka mingi, na alama iliyotolewa dhidi yao mara kwa mara ni macho mekundu. Lakini macho mekundu ni alama ya nini? Ni alama ya mwanamke aliyeinama miaka hamsini juu ya moshi wa kuni na wa samadi kavu, akiwapikia watu wale wale ambao leo wanamshutumu. Moshi ulioonekana machoni mwake ulikuwa ushahidi wa wema wake, nao wakaugeuza kuwa ushahidi wa uovu.

Tazama na jambo lingine. Mauaji ya watu wenye ualbino yalipozidi tangu 2007, Serikali mwezi Machi 2009 iliwaomba wananchi wa mikoa hiyo waandike kwa siri majina ya wanaowashuku. Njia hiyo yaweza kuwafaa wapelelezi, kwa kuwaonyesha pa kuanzia. Lakini jina lililoandikwa kwa siri laweza kuandikwa na shahidi mwaminifu, na laweza pia kuandikwa na jirani mwenye kisa cha mpaka wa shamba. Karatasi haisemi tofauti yao. Kwa hiyo kura ni mwanzo wa kutafuta, si hukumu.

Linganisha na yaliyotokea mwezi Septemba mwaka huo huo. Mahakama Kuu, ikiketi Kahama, iliwatia hatiani watu watatu kwa kumwua mvulana mwenye ualbino wa umri wa miaka 14. Hiyo ilikuwa hukumu ya kwanza ya namna hiyo nchini Tanzania. Mauaji mengi yalikuwa yamekwisha tendeka, na vilio vingi vilikuwa vimekwisha lia. Lakini kilichowafikisha wauaji kwenye hukumu ni ushahidi uliowekwa mbele ya jaji, nao wakapewa nafasi ya kuujibu.

4. MAFUNDISHO YA DINI

Kurani Tukufu, katika Sura ya Al-Hujurat, yatuamuru kwamba tukiletewa habari na mtu asiyeaminika tuichunguze kwanza, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga na kisha tukajuta. Zingatia neno hilo la kujuta. Mali iliyoibiwa yaweza kurudishwa, na aliyefungwa kwa makosa aweza kufunguliwa. Lakini aliyeuawa kwa makosa harudishwi na majuto ya mtu yeyote.

Kadhalika wafasiri wengi wanaeleza kisa cha Sura ya An-Nisaa. Deraya iliibiwa mjini Madina. Mwizi alikuwa mtu aliyejiita Mwislamu, naye alipoona atagunduliwa aliitupia shutuma nyumba ya Myahudi mmoja. Jamaa zake walisimama kumtetea, maana alikuwa mtu wao. Ufunuo ukashuka, ukamsafisha yule Myahudi na kukataza kuwatetea wasaliti. Ewe uliyeingia dini karibuni, au ungali ukiuliza, lishike fundisho hili: haki haiulizi mshtakiwa ni wa dini gani wala ni wa kabila gani.

Tena imepokewa kwamba usiku mmoja watu wa Madina walisikia kishindo wakaogopa, wakatoka kuelekea kulikotoka sauti. Njiani walikutana na Mtume Muhammad (s.a.w.) akirejea. Alikuwa amewatangulia, upanga shingoni, juu ya farasi asiye na tandiko, akaona hapana hatari. Naye akawatuliza watu. Hapa pana mambo mawili ambayo watu wengi hudhani hayakai pamoja. La kwanza ni ushujaa: hakujifungia ndani. La pili ni utulivu: alikwenda kuona kwanza, na alichorudi nacho kwa watu kilikuwa habari ya kweli. Mlinzi wa mtaa anayeutaka mfano, mfano wake ni huo.

5. "LAKINI POLISI WATAMWACHIA"

Hoja hii husikika kila mahali, nayo haistahili kudharauliwa. Watu husema: tulimkamata mwizi, tukampeleka kituoni, na baada ya siku mbili tukamwona barabarani akitucheka. Kwa nini tusimmalize wenyewe?

Twajibu kwa mambo matatu.

Kwanza, mara nyingi aliyeonekana barabarani hakuachiwa, bali amepewa dhamana. Dhamana si msamaha wala si ushindi. Ni ahadi ya kurudi mahakamani, kwa kuwa Katiba ya Tanzania, ibara ya 13, yakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mwenye hatia kabla hatia yake haijathibitika.

Pili, mashauri mengi hufa kwa sababu mashahidi hawaji. Watu mia walishika mawe. Siku ya kesi hata watano hawapatikani kushika kiapo. Mmoja asema ana kazi, mwingine aogopa, mwingine amekwisha lipwa na ndugu wa mwizi. Basi tukiilaumu mahakama, tujiulize pia nani aliiacha bila ushahidi. Na kama askari amekula rushwa, hilo ni kosa la kushitakiwa. Haliwi ruhusa ya kumwua mtu mwingine.

Tatu, wizi wa kawaida hauna adhabu ya kifo katika sheria ya Tanzania. Wanaompiga mwizi hadi kufa wamelipa kosa dogo kwa kosa kubwa kuliko yote, nao mbele ya sheria ni wauaji, hata kama kila mmoja alitupa jiwe moja tu. Wala usijidanganye kwamba katika umati hakuna ajulikanaye. Mwenyezi Mungu anaujua kila mkono na jiwe lake.

6. YAKUPASAYO KUTENDA

(a) Usinunue kitu cha wizi. Hapa ndipo penye mzizi. Mwizi haibi simu kumi ili azitumie zote. Huiba kwa sababu yupo anunuaye. Ukiuziwa simu kwa bei ya kutupa, bila risiti, na muuzaji ana haraka, umekwisha ambiwa ukweli wote.

(b) Jua alama za mali yako. Bonyeza *#06# katika simu yako, uandike namba itokeayo katika daftari. Weka pia namba ya injini ya pikipiki na risiti zako. Mali isiyo na alama ni vigumu kuidai hata ikipatikana.

(c) Shiriki ulinzi wa mtaa kwa utaratibu. Polisi jamii na ulinzi shirikishi vilianza kuenezwa Tanzania kuanzia 2006. Toa zamu yako au mchango wako, na uhakikishe kwamba walinzi wanajulikana kwa mwenyekiti wa mtaa na kwa polisi wa kata.

(d) Ukimkamata mtu akitenda kosa, mkabidhi polisi bila kuchelewa. Sheria yamruhusu raia kukamata katika makosa ya namna hiyo, haimruhusu kuadhibu. Piga simu 112.

(e) Ukikuta umati umemzunguka mtu, usiongeze mkono wako wala sauti yako. Uliza kwa nguvu: "Ameiba nini? Nani amemwona?" Maswali haya mawili yameokoa watu, kwa maana mara nyingi walio wengi hawajui jibu lake. Ita wengine wawili au watatu wasimame nawe, kisha waite wenye mamlaka.

(f) Ukiona jambo, kubali kuwa shahidi, hata dhidi ya jamaa yako.

(g) Mjue bibi kizee wa jirani yako na kijana asiye na kazi. Mpelekee mmoja maji, mtafutie mwingine kibarua. Anayejulikana na kusalimiwa kila asubuhi ni vigumu kushutumiwa bure. Naye kijana aliyepewa heshima ni vigumu kuajiriwa na majambazi.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Ni tofauti gani iliyopo kati ya kulinda na kulipiza kisasi?
2. Kwa nini Sungusungu walifaulu kwa wizi wa ng'ombe wakakosea kwa shutuma za uchawi?
3. Katika kisa cha deraya ya Madina, jamaa za mwizi walikosea wapi?
4. Katika nyumba yako, je, kipo kitu ambacho hujui kilikotoka?

Swali hili la mwisho, ndugu msomaji, usilijibu mbele ya watu. Lijibu peke yako, na kama yapasa kurudisha, rudisha.

Mwenyezi Mungu ailinde miji yetu na wezi, na aizuie mikono yetu isimwage damu ya asiye na hatia. Amin.